Je, Picha Yaweza Kushuhudia Uongo?

Katika mji wa New York, nchi ya Marekani, iko nyumba kubwa ya makumbusho ya viumbe iitwayo American Museum of Natural History. Ndani yake mna ukumbi mrefu wenye giza, na kutani mwake yako madirisha 28 ya kioo, yanayong'aa kama taa za nyumba zionekanavyo na mpita njia usiku. Nyuma ya kila kioo wamesimama wanyama wa Afrika. Hawapumui. Ni ngozi zilizovikwa juu ya miili iliyofinyangwa kwa ustadi mkubwa, hata mtu humwangalia simba akingoja afumbe jicho. Dirisha moja ni la ngagi, yaani wale sokwe wakubwa wa milimani. Dume mmoja amesimama wima, anajipiga kifua. Nyuma yao, kwa mbali, ukutani, imechorwa milima miwili ya moto: Nyiragongo na Nyamulagira.

Mzee wa Kirolirwe, kama angefikishwa mbele ya kioo kile, asingehitaji kusomewa maandishi ili ajue ni nchi gani. Milima hiyo ameiona tangu alipokuwa akichunga ng'ombe wa baba yake. Lakini angeshangaa kidogo, maana angeiona kwa upande wa pili. Yeye huitazama akielekea mawio ya jua. Mchoraji aliitazama akielekea machweo. "Milima yetu imegeuzwa," angesema. Halafu angefikiri na kufahamu ya kuwa milima haikugeuzwa, bali yeye amewekwa mahali aliposimama mtu mwingine. Kisha macho yake yangeanza kutafuta kitu ambacho wageni wa New York hawakitafuti. Angetafuta moshi wa jiko.

Hakuna moshi. Katika mchoro ule wote hamna nyumba, hamna shamba, hamna njia ya miguu, hamna mtu.

Hapo ndipo linapotoka swali lenyewe. Mchoro ule ni wa kweli kwa kila jani. Je, picha iliyo ya kweli kwa kila jani yaweza hata hivyo kushuhudia uongo? Wakatekumeni wanapojifunza amri ya nane hufundishwa kwamba ni marufuku kumshuhudia jirani uongo, nao hudhani upesi kwamba ushuhuda hutolewa kwa kinywa tu, na kwamba mwongo ni yule asemaye lisilokuwako. Je, yule anyamazaye lililokuwako?

Ili kuamua shauri kwa haki, kwanza ajulikane mshitakiwa. Mchoraji aliitwa William Robinson Leigh. Alizaliwa mwaka 1866 katika jimbo la West Virginia, akajifunza kazi yake Baltimore, kisha miaka mingi huko München, Ujerumani. Aliporudi kwao alipata riziki kwa kuyachorea magazeti makubwa ya wakati ule, kama Scribner's na Collier's: mwandishi akileta hadithi, Leigh aliwachora watu wa hadithi hiyo, huyu anakimbia, yule analia, mwingine ameketi juu ya farasi. Tangu mwaka 1906 alisafiri mara nyingi pande za magharibi za Marekani, akawachora Wahopi na Wanavajo, wenyeji wa nchi kavu za Arizona. Jambo hili likumbukwe, kwa maana lina uzito katika shauri. Leigh hakuwa mtu asiyeweza kuchora watu. Watu ndio waliomlisha.

Aliyemleta Kivu ni Carl Akeley, fundi wa kuwatengeneza wanyama waliokufa wapate kuonekana kama wazima. Akeley alikuwa amekwisha kufika huku mara moja. Mwaka 1921 alipita katika misioni ya Mapadri Weupe pale Lulenga, nchi ya Rutshuru, akapanda milima ya Mikeno na Karisimbi. Yeye na wenzake waliua ngagi watano, na mmoja wao alikuwa mtoto, aliyechomwa mkuki na waongozi. Wanyama wale wale ndio wanaosimama leo nyuma ya kioo. Katika kitabu chake cha mwaka 1923 Akeley aliungama kwamba alipomwangalia mnyama aliyelala mbele yake ilimbidi ajikaze, akumbuke kuwa amekuja kwa ajili ya elimu, ili asijione kuwa mwuaji. Baada ya hapo aliwasihi wakubwa wa Ubelgiji wawalinde ngagi waliosalia. Tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert I alitoa amri ya kuanzisha hifadhi ya taifa katika milima hiyo, hifadhi ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika, ambayo sasa huitwa Virunga.

Wako wasemao kwamba wema wa pili umefuta ubaya wa kwanza. Hilo ni shauri jingine, wala si dogo. Itoshe kusema kwamba anayeua kisha akalinda hamrudishii uhai aliyekwisha kumwua. Lakini aliona haya, na wawindaji wengi wa siku zake hawakuona.

Mwaka 1926 Akeley alirudi pamoja na mkewe, Mary Jobe Akeley, na Leigh, na wenzao wengine. Alitaka kumwonyesha mchoraji mahali alipokuwa amepachagua mwenyewe, pale alipopaona kuwa pazuri kupita pote alipowahi kukanyaga katika Afrika. Njiani aliugua. Hakukubali kurudi, bali alibebwa na wapagazi mpaka akafika Kabara, uwanda mdogo ulio kati ya Mikeno na Karisimbi, juu ya mita 3,000, mahali pa baridi kali na ukungu. Mwezi wa Novemba, siku chache baada ya kufika, alifariki. Alizikwa pale pale. Leigh hakufunga mizigo yake. Aliitandaza turubai, akaanza kazi aliyoitiwa.

Kazi yenyewe yastahili kusimuliwa, kwa kuwa si ya mtu mvivu. Milima ile haimtii mchoraji. Ukungu hufunga asubuhi, hufunguka kidogo, hufunga tena. Mvua hunyesha kutwa. Kilele kinachoonekana sasa, baada ya nusu saa hakipo. Mchoraji hana budi kuiba rangi ya saa moja na umbo la saa nyingine. Miti ya mugeshi huko juu ni minene, yenye matawi yaliyopinda, na juu yake huning'inia kuvumwani kama ndevu za wazee. Hayo yote Leigh aliyaandika kwa brashi. Kisha turubai zilisafirishwa mpaka New York zikawa kama kielelezo, na kwa kielelezo hicho ukapakwa rangi ukuta mzima.

Ukuta ule haukunyoka. Umepinda kama upande wa ndani wa kibuyu kilichopasuliwa, ili jicho lisipate kona ya kugundua kwamba ni ukuta. Mbele yake umewekwa udongo na miti na majani, tena majani mengi yalitengenezwa kwa mkono, moja moja, kwa kuwa jani la kweli hunyauka. Mahali ambapo udongo unakoma na rangi inaanza pamefichwa kwa akili sana. Hata kioo kimeinamishwa kidogo, ili mtazamaji asijione uso wake ndani yake. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1936, miaka kumi baada ya Akeley kuzikwa, nao ulipewa jina lake.

Basi labda mtu atauliza: je, ufundi huo wote wa kudanganya macho si uongo tayari? Jani la bandia, anga la rangi, mnyama asiye na matumbo! Hasha. Uongo wataka mtu wa kudanganywa. Aingiaye katika ukumbi ule ajua ameingia kuona kazi ya mikono, kama vile mtoto anayemlaza mwanasesere wake wa majani ya mgomba ajuavyo kwamba mwanasesere hasinzii; wala mama yake hamrudi kwa kosa la kusema uongo. Muumini naye apigaye magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria anajua vema kwamba udongo ule si Bikira mwenyewe. Jani la bandia lina haki ya kuwapo. Kosa, kama lipo, litafutwe mahali pengine, tena si katika kilichowekwa, bali katika kilichoachwa.

Ni nani walioachwa? Wa kwanza ni wapagazi. Masanduku ya rangi hayakupanda Kabara kwa miguu yake yenyewe, wala hema, wala unga, wala mgonjwa. Kila mstari wa mchoro ule ulipita kwanza juu ya kichwa cha mtu. Wa pili ni waongozi, waliojua njia za ngagi, na mahali walipolala jana, na mahali watakapokula kesho. Pasipo wao wageni wangaliona majani tu. Tena wako Watwa, waliowinda na kutafuta asali katika misitu hiyo tangu zamani ambayo hakuna aihesabuye. Wako wachungaji na wakulima wa chini ya mlima. Leigh alipoinua brashi yake pale Kabara, bila shaka nyuma ya mgongo wake moto ulikuwa unawaka, na watu wameuzunguka wakiota, wakizungumza katika lugha ambayo yeye hakuielewa. Mbele yake kulikuwa na mlima. Alichora cha mbele.

Yafaa mshitakiwa apewe mtetezi wake. Mtetezi atasema hivi: Leigh alitumwa kuchora makao ya ngagi, si makao ya watu. Pale Kabara hapakuwa na kijiji. Kama angechora nyumba mahali pasipo na nyumba, hapo ndipo angesema uongo. Zaidi ya hayo, hakuna picha isiyoacha kitu. Anayechora uso anaacha kisogo. Msimulizi anayetaja yote hamalizi hata siku moja. Hata Mwinjili Yohane mwishoni mwa kitabu chake akiri kwamba yako mambo mengine mengi ambayo hayakuandikwa.

Utetezi huo ni mzuri, na sehemu yake kubwa lazima ikubaliwe. Lakini mfano wake wa mwisho umemgeukia mtetezi mwenyewe. Mwinjili aliacha mengi, kisha akasema wazi kwamba ameyaacha. Msomaji wa Injili hawezi kudhani ya kuwa amesoma kila alilolitenda Bwana, kwa sababu ameonywa. Mchoro haumwonyi mtu. Mtazamaji aliyepinda shingo mbele ya kioo huenda zake akidhani ameiona Kivu. Anakwenda nyumbani kwake, anakula, anawaambia watoto: "Nimeiona ile nchi, ni nzuri sana, wala haina mtu." Hakuna aliyemwambia uongo. Hata hivyo anao uongo moyoni, na ataukuza.

Kama uongo huo ungebaki New York, watu wa Masisi wasingekuwa na haja ya kuufikiria. Ila macho yaliyoona mlima yasimwone mtu hayakuwa macho ya mchoraji mmoja. Yalikuwa macho ya zama zile. Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa ajili ya ngagi iliongezwa mwaka 1929, ikaongezwa tena mwaka 1935. Na mipaka ilipokuwa ikisogezwa, watu waliokuwa wakikata mianzi, wakivuna asali, wakiwinda na kulisha mifugo walijikuta siku moja wamekuwa wezi katika mahali pa baba zao. Ni kweli kwamba hifadhi iliwaokoa ngagi, na jambo hilo ni la kushukuru: ngagi wote wa milimani waliohesabiwa hivi karibuni, wa Virunga pamoja na wa Bwindi katika Uganda, wamepita 1,000. Ni kweli pia kwamba walinzi wa hifadhi zaidi ya 200 wamekufa kazini, wengi wao vijana wa vijiji vya kandokando. Nao pia hawamo katika mchoro. Mchoro haukumfukuza mtu hata mmoja. Lakini mkubwa aliyezoea kuiona nchi katika picha isiyo na watu hasikii upesi anapoambiwa kwamba watu wamo.

Tena jambo la pili liko karibu zaidi na Kirolirwe. Kama ukuta ule wa New York ungeweza kutobolewa pale rangi ya samawati inapofifia nyuma ya Nyamulagira, na jicho likaendelea mbele kuelekea magharibi, lingefika katika vilima vya Masisi. Mwaka 1926 vilima hivyo vilikuwa na watu wake, bami wake, migomba yake na misitu yake. Miaka kumi na mmoja baadaye serikali ya Wabelgiji ilianzisha ofisi ya kuhamisha jamaa za Wanyarwanda kuja kukaa huku, ofisi iliyojulikana kwa kifupi kama MIB. Kazi yake iliendelea tangu 1937 mpaka 1955, ikaleta makumi ya maelfu ya watu. Sababu ziliandikwa vizuri katika karatasi: kule Rwanda watu wamebanana na njaa imewapata, huku Masisi nafasi ipo, tena mashamba ya Wazungu yahitaji mikono. Nafasi ipo! Neno hilo ni dogo kama jani moja la mchoro, na pengine kwa macho ya karani mwenye ramani lilikuwa kweli. Ramani yake haikuwa na moshi wa jiko.

Wahunde waliokuwako waliona nchi yao ikigawiwa kana kwamba ni ukuta mtupu. Wanyarwanda walioletwa nao hawakuulizwa sana. Waliwekwa katika vilima vyenye baridi, wakafyeka, wakalima, wakazaa watoto ambao hawakuwa na kwao pengine. Wote wawili walipatwa na kalamu moja. Watoto wa wote wawili walikutana shuleni, sokoni, katika misa ya Jumapili, na wengi wao walioana. Na tangu mwaka 1993, vita vilipoanza Walikale na kuingia Masisi, watoto wa wote wawili wamezikwa.

Sasa swali la mchoro limetoka New York limekuja kukaa barazani. Maana katika vilima hivi kila upande una picha yake, nayo imechorwa kwa ustadi. Mmoja husimulia habari za kilima chake akianza na babu aliyefyeka pori. Hutaja mwaka, hutaja mti mkubwa ulioangushwa, hutaja kisima. Yote ni kweli. Lakini katika picha hiyo pori ni tupu, na kama palikuwapo mtu aliyevuna asali katika mti ule kabla haujaangushwa, hatajwi. Mwingine husimulia akianza na mwami wa zamani na mipaka ya mito na makaburi ya wazee. Yote ni kweli. Lakini katika picha hiyo jirani aliyezaliwa kilimani, na mama yake amezikwa kilimani, ni kama mgeni aliyefika jana jioni. Kila mmoja akiapishwa mbele ya mahakama, ataapa kwa dhamiri nyeupe. Kila jani ni la kweli. Na katika picha zote mbili kioo kimeinamishwa ili msimulizi asijione uso wake.

Hapo lazima izungumzwe hofu moja, kwa kuwa ndiyo inayowafunga watu midomo, wala si ubaya wa moyo. Mtu husema: "Nikimtaja jirani katika habari ya kilima changu, nimekwisha kumpa nusu ya shamba. Leo nitasema babu yake alikuwapo. Kesho ataleta mashahidi waliosikia kinywa changu." Hofu hiyo si ya kuchekwa. Watu wamepoteza mashamba kwa maneno machache kuliko hayo. Tena hakuna haki katika kumdai maskini awe mkweli peke yake mahali ambapo mwenye nguvu hasemi kweli hata kidogo.

Hata hivyo kuna mambo mawili ambayo hofu huyachanganya, nayo hayafanani. Kusema kwamba mtu alikuwapo ni jambo moja. Kusema kwamba kitu fulani ni chake ni jambo lingine. Mpaka wa shamba huamuliwa na wazee au na mahakama, na wanaweza kuamua kwamba aliyekuwapo hana haki hapo, au ana haki ndogo, au haki yake ilikwisha kulipwa. Lakini wazee waliopewa picha yenye watu pungufu hawawezi kuamua vizuri, hata wakiwa watu wa Mungu. Wataweka mpaka katikati ya ukungu. Nao aliyeachwa nje ya picha hatakubali uamuzi ule, hata ukiwa wa haki, maana haukumwona. Ataungoja usiku. Walioishi Masisi miaka hii yote wanajua maana ya kuungoja usiku.

Kwa hiyo kipimo cha ushuhuda wa kweli hakiwezi kuwa hiki peke yake: kwamba kila kilichosemwa kilikuwako. Kipimo hicho mchoro wa Leigh unakishinda bila shida. Lazima kiongezwe kingine: je, yuko mtu ambaye akiletwa asimame mbele ya picha hii atasema, "Nami nilikuwapo," na je, kutoonekana kwake kunamnyima kitu? Ngagi wakichorwa pasipo mchungaji, na mchungaji asipoteze kitu, hakuna kosa. Ni mchoro wa ngagi tu. Lakini mchungaji akipoteza malisho kwa sababu waliomhukumu hawakumwona, hapo ukimya umekuwa ushuhuda. Na kama mchoraji hakujua litakalofuata, hatia yake ni ndogo, pengine hana. Leigh aliamriwa kuchora milima, akaichora kwa uaminifu, akiwa na msiba mpya kambini. Hukumu kali zaidi yamfaa yule ajuaye vizuri kwamba jirani alikuwapo, ambaye alikula naye, aliyemsaidia kubeba maiti ya baba yake, na ambaye hata hivyo anapowasimulia watoto wake jioni humpaka rangi ya kijani akamfunika.

Mchoro, kwa upande wake, haubadiliki. Mwaka 1938 Nyamulagira ilipasuka, na hata kufikia mwaka 1940 moto wake ulikuwa umeshuka mpaka Ziwa Kivu, karibu na Sake. Nyiragongo ilimwaga moto mwaka 1977, na mwaka 2002 ikaunguza sehemu kubwa ya Goma, na mwaka 2021 ikatoka tena. Huko New York milima yote miwili imetulia kama ilivyotulia siku ile Leigh alipopata nusu saa ya jua. Leigh mwenyewe alifariki mwaka 1955. Picha ya mdomo haiko hivyo. Anayesimulia habari za kilima chake kesho jioni aweza kuisimulia tofauti na alivyoisimulia jana, na watoto wataikubali, kwa kuwa watoto huikubali hadithi iliyoongezwa watu.

Na yule mzee wa Kirolirwe, aliyeachwa amesimama mbele ya kioo? Watu wa New York wanapita nyuma yake, wanatazama dume anayejipiga kifua, wanakwenda kwenye dirisha jingine. Yeye bado anaitazama milima. Mjukuu wake aliyemleta amechoka, anamwambia, "Babu, twende, bado madirisha ni mengi." Mzee anainua kidole mpaka karibu kukigusa kioo, anakielekeza nyuma ya Nyamulagira, pale ambapo hakuna tena ila rangi. "Hapo kuna njia iendayo Kitshanga," anasema. "Hapa ndipo soko. Huku nyumba ya katekista. Na hapa, mbele ya nyumba yetu, ng'ombe wa jirani hupita kila asubuhi kwenda kunywa maji."

"Jirani yupi, Babu?"

Mzee anakaa kimya kidogo. Kisha anamtaja kwa jina, na jina la baba yake, na la babu yake.